Tupeane uzoefu: bando limeisha, kampuni inasema umetumia wewe

Bi Langoni

Wangwana wa Lamu na Malindi, na wapwani wote mlio humu, karibuni. Tukusanye visa vya bando au akaunti ya intaneti iliyotumika bila mwenyewe kujua, na mlivyovutana na kampuni hadi mkaelewana au msielewane. Kiwe kisa chako mwenyewe, si cha "nilisikia kwa jirani". Majina ya kampuni tuyaache, tusije kuitwa.

Naanza mimi. Nyumbani tuna ruta ya laini, bando la mwezi. Likawa linaisha katikati ya mwezi, na nyumba ina watu walewale, simu zilezile. Napiga kastoma kea, jibu ni moja: "Mama, mfumo unaonyesha umetumia." Nimetumia lini, saa ngapi? Hapo hana neno. Kijana wangu akaniambia, mama, usibishane nao kwa jumla, dai mchanganuo wa saa kwa saa, tena kwa maandishi. Nikaandika barua pepe na sheria nikaitaja kwa jina lake: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, inayokupa haki ya kuziona taarifa zako wanazozishika. Sauti ikabadilika, wallahi.

Mchanganuo ulipokuja, mistari mingi imeandikwa "matumizi". Lakini kila bando jipya likiingia, usiku wake upo mstari mmoja umeandikwa "uhamisho", GB 10, kwenda nambari nisiyoijua. Data hiyo haikupita kwenye ruta yangu hata kidogo! Mtu alikuwa akiingia kwenye akaunti ya mtandaoni na kusambaza bando langu. Akaunti ilifunguliwa siku tulipofungiwa ruta, na aliyekuja kufunga aliweka barua pepe yake yeye. Paswadi nayo ilikuwa ni nambari ya akaunti, ileile iliyobandikwa chini ya ruta.

Na muda wote huo nilikuwa nabadilisha paswadi ya waifai tu, maana ndiyo niliyoambiwa na kila mtu. Waifai ni mlango wa nyumba. Akaunti ni hatimiliki. Mwenye hati hana haja ya kuvunja mlango.

Wamenirudishia bando la mwezi wa mwisho. Ya miezi ya nyuma wamekataa, na bado tunavutana.

Shela Juu

Pole, Bi Langoni. Sisi tuna nyumba ya wageni huku Shela, na yetu ilitoka upande mwingine.

Mnazijua nyumba zetu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba waifai ikitoka chumba kimoja haifiki cha pili. Fundi akaipandisha ruta juu kabisa, chini ya makuti. Wageni vyumbani wakaendelea kupata mstari mmoja, ila vichochoro vyote vya chini vikawaka moto. Jioni vijana wanajipanga kwenye baraza ya jirani, vichwa chini, na mimi nasema mashallah, siku hizi vijana wametulia!

Paswadi ilikuwa kwenye kibao pale mapokezi. Mgeni akiipiga picha, basi imetoka. Na hata ukikiondoa kibao, simu za Android kuanzia toleo la 10 zinamruhusu aliyekwisha kuunganishwa kutoa msimbo wa QR, mwenzake anauelekezea kamera tu, paswadi haitajwi.

Mkataba wetu unasema "bila kikomo", lakini chini kuna maandishi madogo ya matumizi ya haki: ukivuka kiwango, kasi inashushwa. Kila mwezi tunavuka, wageni wananung'unika, mimi nagombana na kampuni kwamba wanatubana. Mhudumu mmoja mstaarabu akaniambia nifungue orodha ya vifaa ndani ya ruta. Simu zilikuwa nyingi kuliko vitanda.

Sasa tuna mtandao wa wageni peke yake, una kikomo cha kasi, na paswadi yake inabadilishwa kila Ijumaa. Wiki ya kwanza wale vijana walikuja mlangoni kulalamika kuwa waifai yao imeharibika. Yao!

Mlinzi wa Casuarina

Salamu kutoka Malindi. Mimi naangalia nyumba ya tajiri, mwenyewe yuko Italia, anakuja msimu wa baridi kwao. Nyumba imefungwa, yeye analipa bando, bando linakwisha. Ujumbe ukanijia kwamba mimi na wanangu tunatazama mpira kwa pesa zake. Kazi ya miaka inataka kwenda hivyohivyo!

Nikamwita kijana anayejua mambo haya. Tukaomba mchanganuo kwa idhini ya tajiri mwenyewe. Mambo mawili yalinisafisha. La kwanza, matumizi ya saa tisa usiku yalikuwa sawasawa na ya saa tisa mchana, na hakuna mtu anayetazama mpira namna hiyo. La pili, data iliyopakiwa kwenda nje ilikuwa nyingi kuliko iliyopakuliwa. Anayetazama video hupakua. Anayepakia mchana na usiku ni kamera.

Kamera nne za ulinzi, amezifunga yeye mwenyewe ili aione bustani yake akiwa kwao, zilikuwa zinarusha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kupumzika. Kijana akanipigia hesabu: kamera moja ikirusha megabiti 1 kwa sekunde, kwa siku ni karibu GB 10.8. Mara nne. Zikawekwa zirekodi kwenye kadi, zirushe kitu kikisogea tu. Tajiri hakuomba radhi, ila aliongeza kidogo mwisho wa mwezi.

Mkweli Mchungu

Mnazunguka tu. Makampuni ni wezi. Unanunua GB 1, unafungua video mbili, kwisha. Hakuna cha kamera wala uhamisho.

Fundi Mkomani

Sheikh, sikukatalii kwamba wapo wanaokula. Lakini hizo video ulizipima? Netflix wenyewe wanaandika kuwa video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. GB 1 hapo ni robo saa na kitu. Shusha ubora, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Halafu watu wanalinganisha mita ya simu na mita ya kampuni bila kutazama tarehe. Simu yako inahesabu kuanzia tarehe 1, bando lako limeanza tarehe 14, kisha unashangaa hazilingani. Kampuni inahesabu kupakua na kupakia pamoja. Kompyuta za Windows nazo zina mpangilio wa kuzigawia kompyuta nyingine masasisho kupitia intaneti yako, uzimeni.

Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ikawa konokono Afrika Mashariki nzima, na nilipigiwa simu na nusu ya mji: "Kampuni imetubana, fundi." Kwa hiyo kabla ya kugombana, muulize jirani wa kampuni nyingine.

Shela Juu, usitegemee sana kuzuia simu moja moja. Simu za siku hizi zinaweza kubadilisha anwani ya kifaa, ile nambari ambayo ruta huitambulia simu, uliyemfungia jana leo anaweza kuingia kama mgeni mpya. Paswadi mpya ndiyo dawa.

Mwalimu Mokowe

Langu fupi. Akaunti yangu ya intaneti ilisajiliwa kwa laini ya zamani niliyoiacha. Laini ikafa, baadaye nambari ikauzwa kwa mtu mwingine. Nikibonyeza "nimesahau paswadi", msimbo unamwendea yeye. Bahati alikuwa muungwana, alinipigia. Kubadilisha nambari ilibidi nivuke kwa boti hadi Amu, Lamu mjini, na kitambulisho, nikafika saa ya chakula cha mchana.

Bi Langoni

Mwalimu, nikukumbushe wewe na wengine: kila mkipiga simu daini nambari ya malalamiko, mwiandike. Kampuni ikikaa kimya unapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kama ni taarifa zako zimechezewa, kama zangu, ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria inawapa siku 90 kumaliza lalamiko. Langu limeshafika huko, na bila ile nambari ningeanza wapi?

Shela Juu

Fundi, swali. Nataka kuisafisha ruta yote ianze upya, maana sijui nani mwingine anayo paswadi ya ule ukurasa wa ndani, wa mipangilio ya ruta. Nibonyeze kile kitundu cha nyuma?

Fundi Mkomani

Subiri kwanza, bwana! Ukikibonyeza, yanafutika pia jina na paswadi ya PPPoE, ambayo ruta inayatumia kujitambulisha kwa kampuni. Waombe hayo kwanza, kwa maandishi, uyahakikishe. La sivyo utakaa gizani na wageni ndani, ukimngoja fundi wao apate boti pale Mokowe. Na paswadi ya ukurasa wa ndani unaweza kuibadilisha leo hii bila kufuta chochote, ni ile ya "admin" na "admin" uliyoachiwa.