Kaunta imejaa skrini, wageni wanasema tuko baridi: mnapangaje mapokezi?

ZamuYaMchana
Salaam wakuu. Hoteli ni ya vyumba 48, Bamburi, Mombasa, na wageni wengi wanatoka Nairobi kwa treni. Kila zamu ina watu wawili kaunta na mchukuzi mizigo mmoja. Tumewekewa programu mpya: mgeni anajisajili kwa simu kabla ya kufika, anatia sahihi kwenye tableti, milango ni ya kadi. Shida ni pale treni ya mchana inaposhusha watu stesheni ya Miritini. Familia saba nane zinaingia kwa mkupuo, sisi macho yako kwenye skrini, na maoni yanayoandikwa ni "mapokezi baridi". Bosi sasa anataka kuondoa madafu ya makaribisho na kununua mashine ya mgeni kujihudumia. Nimpe hoja gani, na kaunta ipangwe vipi?

BiKaunta
Mashine iache, pigania dakika. Mgeni akisimama mbele yako, kazi iliyobaki iwe kutazama kitambulisho na kupokea sahihi tu. Kuchapa kote kuwe kumekwisha jana yake.

Siku moja kabla, kama saa nne asubuhi, mtumie kiungo cha kujisajili kutoka namba ya hoteli (si simu ya mfanyakazi) na umuulize mambo manne: anafika saa ngapi, watoto wangapi na umri wao, chakula asichokula, na kama anataka ankara ya kampuni. Hilo la mwisho husahaulika, halafu linawasha moto siku ya kuondoka. Ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kodi) ikishaingia KRA, mamlaka ya kodi, haihaririwi. PIN ya kodi ikikosewa inabidi utoe kredit noti (hati ya kufuta ile ya kwanza) kisha ankara nyingine, na mgeni amesimama na mabegi, anatazama saa.

Watu wakiingia kwa mkupuo, mmoja wenu atoke nje ya kaunta na tableti na orodha ya majina iliyochapishwa. Huyo hagusi kompyuta wala simu ya mezani. Anatoa pole ya safari, anaketisha watu, anauliza jina, anapeleka sahihi walipokaa. Aliyebaki nyuma ya kaunta anatoa kadi kwa mpangilio wa waliokwisha kusaini. Kutoka Miritini hadi Bamburi kwenye foleni ya magari, mtoto ana kiu kuliko unavyodhani, kwa hiyo madafu yatangulie karatasi. Mwambie bosi: dafu ndilo linalokununulia dakika za kumalizia karatasi. Ukiliondoa, watu watasimama na kuanza kuhesabu.

Skrini isikae kati yako na mgeni. Isogeze pembeni kiasi cha kugeuza shingo, si mwili. Na ukichapa, sema unachofanya: "Naangalia kama chumba kimeshakaguliwa." Kimya cha kuchapa ndicho kinachosomwa kama ubaridi. Halafu "Jambo" waachieni watalii. Mama mtu mzima wa Kisauni ukimpa "Jambo" ameshajua hukumtazama.

FundiKadi
Naongeza upande wa milango, maana nusu ya hasira za wageni zinaanzia hapo. Familia ikitaka kadi ya pili, chagua "nakala", si "mgeni mpya". Kufuli nyingi, kadi ya "mgeni mpya" ikishagusa mlango, ya kwanza inakufa hapo hapo. Baba anarudi kutoka ufukweni na mchanga miguuni, mlango unamkataa, anapanda kaunta mara mbili.

Mgeni akiongezewa saa za kuondoka, kubadilisha kwenye programu hakutoshi, kadi yenyewe iandikwe upya. Taa ya kufuli ikianza kuonya betri, badilisha betri zote kwa pamoja, kisha hakikisha saa ya kufuli haijarudi nyuma. Ikirudi, hata kadi sahihi itakataliwa na utailaumu kadi bure.

MkaguziUsiku
Kwa mashine ya kujihudumia sikubaliani kwa yote na wanaoipinga. Anayeshuka treni ya usiku, kabla ya mapambazuko, hataki mazungumzo, anataka kitanda. Lakini saa hiyo chumba mara nyingi bado kina mtu, na mashine itamwambia tu "hakipo tayari". Mtu atamwonyesha bafu, sofa, chai, na atahifadhi mizigo. Ukitaka hoja ya kumpa bosi, ni hiyo.

Stima ikipotea je? Kila mwisho wa zamu chapisha orodha nne: waliopo, wanaofika, wanaoondoka, na bili zinazodaiwa. Ruta na kompyuta moja ziwe kwenye UPS (betri ya akiba) ya kuvusha muda hadi jenereta ishike. Ufunguo wa chuma wa dharura ukae kwenye bahasha iliyotiwa sahihi.

M-Pesa: ujumbe ulio kwenye simu ya mgeni si malipo, thibitisha upande wa till yenu, yaani namba mnayopokelea malipo. Na mgeni wa kadi ya benki mweleze mapema kwamba amana imeshikiliwa, haijakatwa. Asipoelezwa, ataona ujumbe wa benki akiwa chumbani na kushuka amekasirika.

Jingine dogo linaloangusha wengi: saa. Mgeni akiomba teksi "saa mbili", muulize ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu, kisha andika 08:00 au 14:00. Programu haijui saa za Kiswahili.

ZamuYaMchana
Asanteni sana. Na ile sehemu ya kuandika maelezo ya mgeni, ili akirudi tumkumbuke? Tunaandika nini?

BiKaunta
Andika hitaji, acha sababu. "Chumba cha chini, karibu na mkahawa" inatosha, "ana sukari na goti bovu" usiandike. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hali ya afya na majina ya watoto ni taarifa nyeti. Wala usiandike "msumbufu", maana ipo siku skrini itageukia upande wake. Weka mistari miwili mitatu, na anayeingia zamu aisome kwenye orodha ya wanaofika kabla treni haijafika, si mgeni akiwa mbele yake.