Mfumo wa bukingi unamleta mgeni jana, wenyewe wanasema "JSON ni JSON"

Assalam alaykum wanajukwaa. Leo nitasema, maana matusi ya wageni nayala mimi.

Nashughulikia kompyuta za nyumba ya wageni huku Nungwi. Kampuni moja ya mjini imetuuzia mfumo wa bukingi. Mgeni ameandikiwa kuingia tarehe 12 Agosti, karatasi ya dereva inatoka tarehe 11, tena haina jina! Dereva kaenda uwanja wa ndege kumpokea nani? Kesho yake mgeni kashuka, dereva hayupo.

Nikafungua kinachotumwa kwa programu ya madereva. Ni JSON, yaani maandishi ambayo programu hutumiana data. Tazameni wenyewe:

{"mgeni":{},"kuingia":"2025-08-11T21:00:00.000Z"}

JSON haina aina ya tarehe. Ina maandishi, namba, kweli na si kweli, null (yaani hakuna kitu), orodha na obijekti, basi. JSON.stringify, amri ya JavaScript ya kugeuza data kuwa JSON, ikikutana na Date (tarehe ya JavaScript) huigeuza maandishi kwa saa za UTC (saa za kimataifa), na sisi tuko saa tatu mbele. Wao wamehifadhi siku ya kuingia kama saa sita usiku ya hapa, kwa hiyo inatoka saa tatu usiku ya jana yake. Halafu programu ya madereva inachukua herufi kumi za mwanzo tu, inasema ndiyo tarehe. Loh!

Na hayo mabano matupu? Klasi ya Mgeni (kiolezo cha data za mgeni ndani ya programu) imefungwa yote kwa alama ya #, yaani walio nje ya klasi hawaisomi: #jina, #simu, #pasipoti. Kufunga si kosa, sikatai. Lakini JSON.stringify haigusi kilichofungwa, wala hailalamiki. Hakuna kosa jekundu, hakuna onyo, unapewa {} unaondoka nayo.

Dawa ni kuiandikia klasi kazi (function) ya toJSON yake, iseme yenyewe kitoke nini na kwa sura gani: jina litoke, pasipoti ibaki ndani (dereva ya nini kwake?), tarehe iwe "2025-08-12" bila saa. JSON.stringify huiita toJSON bila kuambiwa. Ni mistari michache, nimewaandikia na kuwatumia. Jibu: "JSON ni JSON kaka, tatizo liko kwa anayesoma." Anayesoma ni programu yao wenyewe, yakhe!

Jina la kampuni silitaji hapa. Kama kuna mwengine, Unguja au Pemba, anayeletewa wageni wa jana, aweke hapa JSON yake, afute majina kwanza. Ada ya matengenezo ya mwezi huu nimeshamwambia bosi asilipe.