MAJIRANI BARABARA YA 12 (ukuta wa wasanii)

IJUMAA

Zubeda 07:12
Asalaam aleykum majirani. Nakumbusha tena mchoraji anakuja kesho saa 3 asubuhi kuchora sura za wasanii wetu wa Tanga ukutani, na mpaka sasa iv nina michango ya nyumba 7 tu kati ya 22, elfu 5 jamani siyo milioni, na majina hayajatimia. Ukuta unaingia sura 6 basi

Zubeda 07:13
Tuliokubaliana: Shakila wa taarabu, King Majuto mchekeshaji, Wilson Kinyonga wa magitaa. Bado 3. Toeni majina

Zubeda 08:40
Naona tiki za bluu 19 humu. Mnasoma mnapita kama tangazo la maji

Sele Baiskeli 08:52
Wekeni Coastal Union ya 88 kikosi kizima

Zubeda 08:52
Sele nimesema wasanii

Sele Baiskeli 08:53
Wale walikuwa wasanii dada, ubingwa ule ulikuja kwa madaha 😂😂

Hemedi 09:15
Mimi nauliza tu, kwanini Wilson peke yake na George je? Ndugu wawili wamelelewa pamoja, wameingia Jamhuri Jazz pamoja, wameenda Arusha pamoja, wamefika Nairobi 71 wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika pamoja, leo Tanga ndo tunakuja kuwatenganisha ukutani

Zubeda 09:17
Hemedi sura moja elfu 40. Unamlipia George?

Hemedi 09:30
Siyo hela ni haki

Sele Baiskeli 09:31
Haki haipaki rangi mgosi

Mwalimu Tabu 09:44
Na Wakenya wanasema Simba Wanyika ni ya kwao. Juzi kuna mtu kanibishia ule wimbo wa Sina Makosa umetungwa Mombasa, nikamwambia kwanza ile ni Les Wanyika waliojitoa kwa hao hao kina Kinyonga, pili kaa kimya

Hemedi 09:50
Tukianza kuuliza nani wa Tanga asilia hatumalizi. Jamhuri yenyewe ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, watu waliotoka Tabora huko kuja kukata mkonge, wakishika magitaa jioni. Kwa hesabu hiyo Tanga asilia tutabaki na Babu Bakari peke yake na yeye kazaliwa Pangani

Sele Baiskeli 09:51
Na Shakila Pangani hiyo hiyo 😂 mchoreni na boti la kuwavusha

Zubeda 09:55
Pangani ni mkoa wa Tanga. Tuendelee

Sele Baiskeli 09:56
Basi na Muheza ni mkoa wa Tanga, Mwana FA aingie

Zubeda 09:58
Ni mbunge yule, wakija wa chama kingine watataka na wa kwao. Siasa sitaki kwenye ukuta

Zubeda 10:20
Nyumba 7 bado ni 7

Asha Muscat 13:05
Jamani huku ndo nimepata nafasi. Mmemsahau nani? WAGOSI WA KAYA. Mimi Tanga Kunani ikipigwa huku Ruwi kwa wale vijana wa saluni nazima simu nasikiliza mpaka mwisho. Baba alikuwa kiwanda cha mbolea, mjomba yupo chuma, shangazi Foma ya sabuni, nyumba nzima tunaamka kwa king'ora cha zamu, leo ukipita kule ni majani na mbuzi. Mkoloni na Dr John wao ndo waliuliza kwa niaba yetu

Mwalimu Tabu 13:20
Naunga mkono Wagosi. Ila ni wawili, dada Zu atasema elfu 80

Zubeda 13:21
NI ELFU 80

Asha Muscat 13:22
Natuma mimi. Lakini nitume kwa nani, maana ile ya turubai nilituma na turubai sijaliona hata kwenye picha

Hemedi 13:23
Aaaah. Afadhali umesema wewe uliye mbali

Zubeda 13:26
Turubai lilichanika na upepo siku ya maulidi watu wote waliona, risiti ninayo, mwenye wasiwasi aje nyumbani. Naomba tusirudi huko. Mchoraji keshapewa elfu 80 ya kuanzia, ameshanunua na rangi

Sele Baiskeli 13:27
Upepo wa Tanga unachana turubai la chuma 😂

Mama Rehema 14:02
Mimi nawaangalia tu

Zubeda 14:03
Mama Rehema toa jina mama, usiangalie

Mama Rehema 14:10
Mtaa huu kuna mtu kapiga tumba zaidi ya miaka 20, harusi zenu zote, nyingine hata bila kulipwa maana aliambiwa ni ya nyumbani. Akitoka zamu ya usiku kiwandani anaoga anaenda kupiga. Mmehesabu Arusha mmehesabu Nairobi mmefika Pangani na mbunge mkamfikia, marehemu mume wangu hata kwa kusahau hakutajwa

Zubeda 14:14
Mama si kwa ubaya wallahi, tumesema waliovuma, yaani anayepita njia amjue

Mama Rehema 14:15
Sawa. Na ile tumba?

Zubeda 14:15
Tumba gani mama

Mama Rehema 14:16
Unaijua

Sele Baiskeli 14:17
Mi nilidhani mnasema Tumbatu

Hemedi 14:17
Sele hebu tulia

Kassim Duka 15:30
Wakuu luku inasumbua kwangu tu au mtaa mzima

Sele Baiskeli 15:31
Mtaa mzima bro

Babu Bakari 16:48
🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Zubeda 16:55
Shikamoo Babu. Nipo sokoni kelele nitasikiliza

Mwalimu Tabu 17:20
Shikamoo Babu. Simu yangu spika imekufa. Sele upo karibu naye, tuandikie

Sele Baiskeli 17:52
Haya naandika alivyosema, msinitukane mimi.

Babu anasema zamani mnazosema hizo yeye alikuwepo. Viwanda vilikuwa na hela na hela ilikuwa inatoka mwisho wa mwezi siku moja, bandari, reli, mashamba ya Amboni, chuma, wote siku moja, kwa hiyo mwenye gitaa alikuwa hakosi chakula. Ndo maana bendi zilijaa, Atomic wapo, Jamhuri wapo, na taarabu Black Star. Anasema Black Star walipotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu wazee walikasirika sana, wakasema taarabu ya kukaa kitako imekufa, na hao hao wazee ndo walionekana wanatikisa mabega. Baadaye ikajitokeza Lucky Star na nyumba zikagawanyika, mume Black Star mke Lucky Star, hamuongei mpaka Jumatatu. Shakila kaimba kote kuwili, ndo maana anasema Shakila hana mpinzani na mkimuondoa yeye ukuta muache.

Sele Baiskeli 17:58
Inaendelea. Anasema LAKINI ukuta ule unatazama mlango wa msikiti. Mtu anatoka kuswali anakutana na sura ya Majuto anacheka. Majuto kafa juzi tu hapa Agosti 2018, Shakila 2016, wana watoto, mmewauliza? Anasema sura za watu pale hazichorwi. Andikeni majina. Amemaliza, hapo hana mjadala

Sele Baiskeli 17:59
Na mwisho kabisa kasema, naandika kama alivyosema: "Tumba ya marehemu iko stoo kwa baba yake Zubeda, nyuma ya mapipa, nimeiona kwa macho yangu mwaka tuliomzika. Mwenye nayo anajua pa kuipeleka."

Hemedi 18:20
😶

Mwalimu Tabu 18:41
Tumesikia Babu. Ahsante

Asha Muscat 19:10
Babu kasema. Ila Majuto bila sura ni nini jamani, yule sura yake ndo kichekesho chenyewe, jina tu mtu atajua mwenye duka

Sele Baiskeli 19:12
Tuchore kanzu na kofia tu, atajulikana

Mwalimu Tabu 19:15
Sele.

Hemedi 19:40
Kwa upande mwingine majina hayana elfu 40. George ameingia. Na Stephen Hiza wa Atomic. Na Roma yule rapa. Na kama ni majina mbona Shaaban Robert hayupo, mtu wa Vibambani huyu kazikwa Machui, tunaandika wachekeshaji tunaacha mshairi

Mwalimu Tabu 19:43
Hilo nilikuwa nalisubiri. Shaaban Robert awe juu kabisa

Asha Muscat 19:45
Juu kabisa Shakila, Babu kasema

Mwalimu Tabu 19:46
Babu kasema hana mpinzani, hakusema juu

Kassim Duka 20:02
Luku imerudi. Mchango ni elfu 5 au elfu 50 maana nimesoma juu juu

Hemedi 20:03
Muulize dada Zu. Dada Zu upo?

Hemedi 21:30
Dada Zu

Zubeda 22:47
Nimemsikia Babu. Mchoraji nimempigia anasema yeye ni wa sura, herufi hapigi vizuri, lakini elfu 80 hairudi. Atakuja hivyo hivyo. Listi ya majina bado haijafungwa, namba ya juu kabisa sijui mimi msiniulize

Zubeda 22:58
Mama Rehema, jina la marehemu liandikweje, na la baba yake au hilo la bendi

Zubeda 23:20
Mama?

JUMAMOSI

Sele Baiskeli 08:55
Mchoraji kafika. Anauliza aanze na nani

Mwalimu Tabu 08:57
Shaaban Robert

Hemedi 08:57
Asianze mpaka dada Zu aje

Sele Baiskeli 09:10
Simu yake inaita tu. Nimegonga kwao, mzee wake anasema katoka asubuhi na mkokoteni

Mama Rehema 09:21
Yupo kwangu. Subirini

Sele Baiskeli 09:22
Haya. Ila huyu jamaa keshaanza kupaka nyeupe, na nyeupe yenyewe ni kopo moja, upande wa msikitini haifiki