Wakuu, kuiga protini bila maji kunaaminika kiasi gani? Naomba ushauri

Mkunjo: Wakuu, nimekwama. Naiga ubikuitini, protini ndogo, kwenye kompyuta, ikiwa kwenye ombwe, yaani bila maji wala hewa. Inajibana kupita kiasi. Hiyo ni tabia yake kweli au ni mfano unanidanganya? Usingizi sipati.

Mzee Kemia: Weka maji, yaishe.

Mkunjo: Maji siwezi mkuu. Nalinganisha na vipimo vya spektrometa ya masi, mashine inayopima molekuli zenye chaji, na humo protini inapita kavu.

Pia: Kagua themostati, sehemu ya programu inayodhibiti halijoto. Yangu ilihamisha nishati kidogo kidogo kutoka kwenye mitikisiko, molekuli ikaganda huku inazunguka kama pia. Nilihangaika mno.

Dada Asidi: Ndugu, chaji umeziwekaje? Hilo hujalisema.

Mkunjo: Kama kwenye maji ya pH 7, yasiyo asidi wala besi. Programu ndivyo inavyopanga yenyewe, na muhtasari nimeshampelekea msimamizi wangu. Mbona McCammon, Gelin na Karplus mwaka 1977 waliiga protini ya asidi amino 58 bila maji ya kuizunguka, na kazi yao inaheshimiwa?

Mzee Kemia: Ile haikufika hata pikosekunde 10, yaani sehemu 10 za trilioni za sekunde! Protini ingeharibika saa ngapi? Msiwataje wakubwa kabla hamjawasoma.

Shakashaka: Hii ni chai. Kwa pH 7 ubikuitini ina chanya 12 na hasi 12, ukihesabu na ncha zake. Jumla sifuri, na isiyo na chaji spektrometa haiioni. Unalinganisha na nini?

Mkunjo: Sijatunga kitu. Vipimo ni vya chaji +6. Ila ukubwa unakaribiana na wa mfano wangu, ndiyo maana sikugusa chaji.

Dada Asidi: Kukaribiana si ushahidi. Maji hupunguza mvutano wa chaji karibu mara 80. Ukiyaondoa, lisini ya juu, asidi amino yenye chaji chanya, inaivamia glutameti iliyo jirani, yenye chaji hasi, na haiachii tena. Kubana kiasi ni kweli, hata kwenye mashine minyororo ya pembeni hulala juu ya protini. Lakini wewe umeiga molekuli nyingine. Ongeza protoni, chembe zenye chaji chanya, hadi +6, tena kwa mipangilio kadhaa, maana kwenye ombwe protoni huhama na mfano wako umezipigilia misumari. Na vigezo vyenyewe vya nguvu kati ya atomi vilitengenezwa kwa ajili ya maji.

Mkunjo: Basi nitaziweka kwenye glutameti za nje tu, ili muhtasari usibadilike sana.

Shakashaka: Pandisha faili la chaji hapa tulione.

Dada Asidi: Na aspateti, ambazo nazo ni hasi, je? Unaziacha kwa sababu gani?