Tangu nimzike mke wangu siwezi kuomba. Nishaurini

Baba Wawili, Likoni
Wapendwa, hamjambo. Mke wangu alifariki mwezi wa nne. Aliugua figo mwaka mzima, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tulimzika kwao Taita, nikarudi Likoni na watoto wawili. Tangu siku hiyo nikipiga magoti maneno hayatoki.

Tulikutana kwaya. Yeye aliimba sauti ya kwanza, mimi besi. Juzi nimefungua Biblia yake nikakuta kikaratasi kwenye Zaburi: "unga, nazi mbili, dawa ya mbu, viatu vya mdogo." Mwandiko wake kabisa. Nilikishika hadi alfajiri, huku nasikia honi za feri.

Kanisani naambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Mzee mmoja amesema nikizidi kulia naonyesha sina imani. Na mtoto wa miaka sita ameniuliza, "Mama atafufuka Jumapili gani?" Nikanyamaza. Je, ni dhambi kumkasirikia Mungu? Na mtoto nimwambie nini?

Askari wa Sala
Pole ndugu. Funga siku tatu, kemea hiyo roho ya huzuni. Itatoka.

Mama Mikindani
Wewe wa hapo juu, huzuni ya mfiwa haikemewi.

Baba, mimi nilimzika mwanangu, huu mwaka wa tisa. Huyo mzee mwambie asome Yohana 11. Yesu alijua vizuri anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia. Kabla ya hapo Martha na Maria, dada zake Lazaro, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia usoni: ungalikuwapo, ndugu yangu hangalikufa. Hakuna aliyekaripiwa. Basi na wewe hasira yako mpelekee yeye mwenyewe, hiyo nayo ni sala.

Maneno yakikukatikia, soma Zaburi 88 kwa sauti. Yaanza na kilio, yaishia gizani, haina haleluya hata moja, na imo ndani ya Biblia. Mimi niliisoma jikoni kila usiku, muhogo ukichemka, karibu mwaka mzima. Na Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Watu hukata mstari huo katikati, wakaishia kwenye "wasihuzunike", wakamnyima mfiwa machozi yake.

Mtoto usimwambie mama amelala, ataogopa kulala. Mwambie mama amekufa, mwili wake uko Taita, na twaamini Yesu atamfufua, ila siku yenyewe baba haijui. Atauliza tena na tena. Mjibu kila mara.

Kijana wa Kengeleni
Pole sana kaka. Siku ukiweza, vuka uje Nyali ulione kaburi la Rosina, mke wa mmisionari Krapf. Walifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huohuo akafa kwa homa. Binti yao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Mume alibaki, naye mwenyewe mgonjwa, na 1846 mmisionari mwenzake Rebmann akamjia wakaanzisha misheni ya Rabai. Nimepita pale tangu utotoni bila kutazama. Mwaka aliofariki babangu ndipo niliposimama. Jibu sikupata, lakini niliona kazi ile tunayoisifu hapa Pwani ilianza kwa kuchimba kaburi, nikakaa kitambo.

Jirani wa Mtongwe
Pole ndugu yangu. Mimi Muislamu, mambo ya kanisa nawaachia wenyewe. Nauliza tu, watoto wala nini jioni? Sisi tu karibu, na nyumbani sufuria ni kubwa. Niandikie faraghani.

Baba Wawili, Likoni
Ahsanteni sana. Mama, ile Zaburi nimeisoma jana usiku, nikashindwa katikati. Leo nitaanzia pale nilipokomea. Mtoto nimemweleza kama ulivyosema. Kafikiri, kisha akauliza mama akifufuka atatukumbuka? Nikamwambia ndiyo, na lilipotoka mdomoni nikaona mwenyewe naliamini. Kwaya bado. Jirani wa Mtongwe, nimekuandikia.