Mafundi wa mashine za kufulia mnatupiga mchana kweupe! Chujio hujafungua, mita huna, unataka laki tatu na nusu ya "bodi"

Wakuu salama? Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mama yangu yuko Kigamboni, ana mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7, tulichanga watoto tukamnunulia maana mgongo umeshakataa kuinamia beseni. Juzi kati ikagoma. Inafua vizuri tu, ikifika pa kumwaga maji inaunguruma weee halafu inasimama, nguo zimelala kwenye maji, mlango umejifunga, kioo kinaleta alama ya kwamba maji hayatoki. Akaita fundi, tena fundi anayesifiwa mtaa mzima. Jamaa kafika, kawasha, kazima, kagonga gonga ubavuni, akatoa hukumu: "mama hii bodi imeungua", yaani ile sakiti ya umeme inayoendesha mashine nzima. Laki tatu na nusu, na nusu ya hela itangulie ili akaitafute Kariakoo. Hajafungua skrubu hata moja! Mita ya kupimia umeme hajaja nayo! Na mama wa watu ameshaanza kupiga hesabu ya kukopa kwenye kikoba.

Nikamwambia mama usitoe hata mia, nakuja.

Sasa sikilizeni. Chini kabisa mbele, mara nyingi kona ya kulia, hizi mashine zina kamlango kadogo. Ndani yake kuna kimpira chembamba chenye kizibo na pembeni kuna chujio la pampu linalofunguliwa kwa kuzungushwa. Unachomoa waya ukutani kwanza, unaweka sahani bapa na matambala, unatoa maji kwa kile kimpira taratibu (kama ilikuwa inafua kwa maji ya moto subiri yapoe, utaungua) ndo unazungusha chujio. Nilichokikuta humo: sarafu, pini za nywele, nyuzi zimejisokota, na kisoksi cha mjukuu kimebana pale pale pangaboi la pampu linapozungukia. Nimetoa, nimesukuma pangaboi kwa kidole linazunguka, nimefunga, nimewasha programu ya kumwaga na kukamua. Maji yakatoka yote. Basi. Hiyo ndo "bodi" ya laki tatu na nusu.

Kinachoniuma ni kwamba mashine ilikuwa inasema yenyewe shida iko wapi. LG ikishindwa kutoa maji inaandika OE, Samsung inaandika 5E au 5C kutegemea toleo, Bosch nyingi E18. Kila kitabu cha mashine kina ukurasa wa hizi alama. Fundi anayeona alama ya maji kutotoka halafu anaruka chujio, anaruka bomba la kutolea maji, anaruka pampu yenyewe, anaenda moja kwa moja kwenye bodi, huyo amekuona wewe ndo ATM. Sisemi bodi haziungui, zinaungua sana, umeme wetu tunaujua unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Ila bodi ni ya mwisho kushukiwa, na nioneshwe kwa mita, siyo kwa kugonga bati.

Na hili siyo la mama peke yake. Shemeji yangu alihamia nyumba yenye simtanki, mashine ile ile iliyokuwa inafua vizuri alikotoka ikaanza kukataa kuingiza maji, inasubiri inasubiri halafu inaleta alama ya kukosa maji. Fundi wake naye akaimba wimbo ule ule wa bodi. Jamani, hesabu ni nyepesi: mita 10 za kimo cha maji ndo bar 1 ya presha. Vitabu vingi vinataka angalau bar 0.5, vingine bar 1. Tenki likiwa limekaa mita 3 tu juu ya mashine unapata bar 0.3, valvu ya kuingizia maji inafunguka lakini maji yanakuja kwa kusuasua mpaka mashine inakata tamaa. Bodi inahusikaje hapo? Alichohitaji ni pampu ndogo ya kuongeza presha. Na kabla hata ya pampu, fungeni koki mfungue mpira wa maji kule nyuma, mle ndani pana kachujio ka wavu, kavuteni na plaizi taratibu. Kwenye maji ya kisima kale kanaziba mchanga na kutu mpaka hakaonekani matundu.

Hapa na wauzaji nawajumuisha. Mnamuuzia mtu mashine hamumuulizi maji yake yanatoka wapi, hamumwambii habari ya presha, mnaongea urefu wa waranti tu ambayo siku ikihitajika mnasema "umeme, haihusiki". Wengine vijana wao wanakuja kufunga wanaacha boliti za usafirishaji kule nyuma! Zile boliti (mara nyingi 3 au 4) kazi yake ni kushika pipa lisicheze njiani, ukiwasha zikiwa bado zimo mashine inaruka chumba kizima na vitu vinavunjika ndani. Zitolewe, na zitunzwe, siku ya kuhama zinarudi.

Kingine wanachokosea hao hao wafungaji ni bomba la kutolea maji, wanalilaza sakafuni bafuni au wanalitumbukiza kwenye tundu la chini. Linatakiwa lipandishwe, kwa mashine nyingi ni kati ya sm 60 na sm 100 kutoka sakafuni. Likikaa chini maji yanajivuta yenyewe kutoka, mashine inaingiza huku inamwaga, haijai milele, bili ya maji inapanda, na fundi anakuja anakwambia nini? Mnajua wenyewe.

Halafu inayokata umeme nyumba nzima katikati ya kufua, hiyo nayo wanaiita bodi. Maji yetu ya kisima yana chumvi na chokaa, heta inavaa gamba jeupe kama la kwenye birika la chai, inapata joto kupita kiasi, inapasuka, umeme unavuja kwenye maji na swichi kuu inaruka. Heta ya wati 2,000 kwa volti 230 ukiipima inasoma karibu ohm 26, na kati ya heta na bati la mashine mita haitakiwi kusoma kitu. Kipimo cha dakika mbili! Heta ni bei ya kueleweka, siyo bei ya kumfukuza mtu akanunue mashine mpya. Na tafadhali sana hizi mashine zisichomekwe kwenye ekstensheni za bei chee, wati 2,000 ni karibu ampea 9, waya mwembamba unayeyuka, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iwepo ya kweli siyo tundu la tatu la mapambo.

Sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu, mashine ya mlango wa mbele inatumia maji kidogo, povu linajaa mpaka pampu inashindwa kuvuta na nguo zinakataa kukamuliwa. Tumieni ile iliyoandikwa ya mashine za otomatiki, na kidogo. Ile harufu ya uvundo inatokana na mabaki ya sabuni na unyevu, kwa hiyo mkimaliza kufua futeni mpira wa mlango mpaka kwenye mikunjo, acheni mlango na droo ya sabuni wazi (wenye watoto wadogo mchunge wasiingie), na mara moja kwa mwezi izungusheni tupu kwa maji ya moto, digrii 60 au 90. Mama nimemfanyia hivyo, harufu imekwisha, na chujio sasa analifungua mwenyewe.

Upande wa beringi hapo nawatetea mafundi kidogo. Ukisikia mashine inanguruma kama ndege inaruka wakati wa kukamua, na ukisukuma pipa kwa mkono linacheza, mara nyingi sili ya mafuta imechoka, maji yameingia kwenye beringi. Beringi zenyewe hazina bei, ila kuna viwanda siku hizi vinaunganisha pipa la nje kwa kulichomelea, huwezi kulifungua bila kulikata, kwa hiyo kipuri cha bei ndogo kinakulazimisha ununue pipa zima. Huo ni uonevu wa makusudi kwa mnunuzi. Ulizeni kabla ya kununua, pipa linafunguka kwa skrubu au limechomelewa, muuzaji akishindwa kujibu hamieni duka la pili.

Fundi akija kwenu: aje na mita, afungue chujio mbele yenu, kifaa anachosema kimekufa mkione kikipimwa, na kikibadilishwa cha zamani kibaki nyumbani. Akikataa hata moja kati ya hayo mlipeni nauli aende.

Yule wa mama nilimpigia. Anasema "mimi nilikisia tu bosi". Unakisia kwa laki tatu na nusu ya mama wa watu?

Wadau wa Kigamboni, Mbagala na kote mnakotumia maji ya kisima, kuna aliyefunga chujio la kupunguza chokaa kabla maji hayajaingia kwenye mashine? Limedumu? Na mafundi wa kweli mliomo humu semeni bei halali ya pampu na heta, watu wazione.