Maegesho nimelipia miezi sita, gari linalala sheli, na bado mwenye nyumba anapandisha bei!

Wakuu, salamu siku nyingine. Leo nina hasira.

Nimepanga Sakina hapa Arusha, barabara ya Namanga, kabla hujafika Kwa Iddi. Januari nililipa miezi sita kwa mkupuo kama wengi wetu mjini hapa. Risiti ninayo, mwandiko wa mwenye nyumba mwenyewe: kodi 1,500,000, maegesho 300,000, jumla 1,800,000. Mistari miwili tofauti. Shikeni hapo, maana kesi yangu yote iko kwenye ule mstari wa pili.

Usiku wa tarehe 9 Aprili, masika yamekolea, tukasikia kishindo uani. Nikatoka na tochi ya simu. Shimo la maji taka limetitia, mbele kabisa ya nafasi yangu ya kuegesha. Mfuniko wa zege umekatika vipande viwili, kimoja kimezama, kingine kinaning'inia kwenye nondo, na chini maji meusi yanabubujika. Tairi la mbele la IST yangu limebakiza kama futi mbili kufika ukingoni. Tulilirudisha gari nyuma kwa kusukuma, majirani watano na kandambili zetu kwenye tope, maana hakuna aliyethubutu kukaa ndani na kuliwasha.

Asubuhi mzee akaja. Shikamoo, marahaba. Akatazama, akakata matawi ya mparachichi akayachomeka kuzunguka shimo, akafunga na kamba ya katani. "Mwanangu, mvua ni ya Mungu. Subiri ikate."

Mvua ni ya Mungu, sawa. Je, vile vyumba vinne vya singo alivyojenga nyuma Novemba, mabomba akayaelekeza kwenye shimo lile lile lililochimbwa kwa ajili ya familia nne, navyo ni vya Mungu? Februari tulimwambia shimo limejaa, harufu inaingia mpaka jikoni. Akaleta gari la kunyonya mara moja, na gharama akatuchangisha sisi, elfu kumi kumi kila mlango.

Leo ni tarehe 27 Mei. Matawi yamekauka, shimo lipo. Gari linalala sheli kwa mlinzi, 2,000 kila usiku, usiku 48 sasa, yaani 96,000 nje ya zile laki tatu. Kutoka sheli mpaka nyumbani ni dakika kumi za giza na tope, na mimi narudi saa mbili usiku na mtoto mgongoni kalala. Kuna jirani ananiambia "dada, shukuru hata una gari". Asante. Lakini nililipia nafasi, sikuomba hisani.

Kilichonifanya niandike ni meseji ya jana. Kuanzia Julai maegesho yatakuwa 60,000 kwa mwezi "kutokana na gharama za ukarabati". Ukarabati upi? Hata mfuko mmoja wa simenti haujashushwa! Nikampigia nikamwambia anirudishie hela ya siku ambazo sikuegesha, au aikate kwenye kodi ya Julai. Jibu lake: "Maegesho ni huduma tu, hayamo kwenye mkataba. Ukiona haifai, nyumba ni nyingi."

Sasa nimekaa nikasoma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, ina mambo yanayohesabika kuwemo kwenye mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa. Mpangaji akitimiza yake, atumie alichopangishiwa bila kubughudhiwa. Ukipangisha sehemu tu ya jengo, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja ni yako wewe mwenye nyumba kuyatunza. Na eneo likiharibika kwa mafuriko au ajali ambayo si uzembe wa mpangaji, kodi inasimama kulipwa, yote au kiasi kinacholingana na uharibifu, mpaka pafae tena. Atasema maegesho si nyumba. Basi kwa nini aliyaandikia risiti pamoja na nyumba?

Kuanzia tarehe 9 Aprili hadi mwisho wa Juni, kwa 50,000 kwa mwezi, ni kama laki na thelathini na kitu. Si hela ya kumfilisi mtu mwenye milango minane.

Picha ninazo tangu usiku ule, meseji sijafuta, na mlinzi wa sheli nimemwomba aniandikie kwenye daftari kila ninapomlipa. Jumamosi saa nne tuna kikao kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana naenda Baraza la Kata. Najua tangu marekebisho ya 2021 wao wanasuluhisha tu, hawatoi hukumu, lakini bila kupita kwao Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikupokei.

Swali langu kwa waliopitia: nikikata hiyo hela mwenyewe kwenye kodi ya Julai, nitakuwa nimempa sababu ya kunitoa? Au nilipe yote halafu nidai? Na aliyewahi kumwandikia mwenye nyumba barua ya namna hii, aliifikishaje mpaka ikasainiwa kuwa imepokelewa? Huyu wangu karatasi hapokei, anasema hana miwani.